Kijakazi Alisema Anakwenda Milola

Kijakazi aliniambia anakwenda Milola kutazama mikorosho yake. Aliniambia hivyo mimi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta hapa Rasbura, ninayejua hata chumvi yake anaiweka wapi. Nikamwombea safari njema. Kumbe mwenzangu ana pasipoti ndani ya mkoba, na kesho yake yuko angani.

Nilinuna, sikatai. Lakini watu wa kwetu safari hatuitangazi. Ukiulizwa unakwenda wapi unajibu "hapo tu," na muungwana haulizi tena. Kijakazi alikuwa na sababu ya kuzidisha. Binti yake Nusaiba, aliyeolewa na Mudathiri na kwenda kuishi naye Maskati, mimba yake ya kwanza ilitoka baada tu ya mtaa mzima kupewa habari. Tangu hapo Kijakazi aliamini kwamba midomo ya watu, wangu ukiwemo, ndiyo iliyomwondoa mjukuu wake. Mimba ya pili akaifungia kifuani. Na Nusaiba alimwomba jambo moja tu, mama awepo siku ya kujifungua.

Basi mtu ambaye maisha yake ni kukaanga samaki sokoni, na mbali alikowahi kufika ni Dar es Salaam, akapangiwa ndege tatu kwa siku moja: Nairobi, Dubai, kisha Maskati. Kitu cha kwanza kumpotea ni chupa ya mafuta ya nazi aliyoyatengeneza mwenyewe kwa ajili ya kumkanda mzazi. Aliambiwa hayapandi ndegeni. Alibishana hadi akachoka, akayaacha.

Nairobi aliwafuata watu aliokaa nao ndegeni, maana ndio pekee aliowajua kwa sura. Wao walikuwa wamefika kwao. Alipanga nao foleni ya kutoka uwanjani, akafika mbele, akaambiwa arudi ndani kwa wanaongoja ndege nyingine. Mtu mmoja mwenye huruma akamwunganishia simu yake mtandao, na hapo hapo ikaingia sauti ya Mudathiri: uchungu umeanza, wako hospitali, Nusaiba anamuulizia mama kila dakika. Kijakazi anasema tangu wakati huo hakujua tena kama anatembea au anaota.

Dubai ndiko alikovurugika kabisa. Alikuta treni ndani ya nyumba. Alikuta sakafu inayotembea, akaikanyaga, ikampeleka asikotaka. Mlango wa kioo ulifunguka kabla hajapiga hodi, akasimama pale kungoja aambiwe karibu, ukafungika tena mbele ya pua yake. Alitaka kujua kibla kiko upande gani, lakini dirishani kila upande ni ndege. Alipopata mahali pa kungojea, watu wote wakainuka ghafla wakahamia kwingine, naye akawakimbilia bila kujua kwa nini.

Huko walikohamia, ofisa alikuwa anawahoji abiria kabla ya kupanda. Akaitwa mwanamke wa Mombasa, Zuwena, anayesukuma viti vya magurudumu uwanjani hapo, aje kutafsiri.

"Anauliza unakwenda wapi," Zuwena alimwambia.

"Hapo tu."

Akaulizwa kwa nani, akasema kwa watu wake. Kufanya nini? Kutembea. Kwa muda gani? Mungu ndiye ajuaye. Kijakazi alijibu vizuri kabisa, kama alivyolelewa, na kila alivyojibu uso wa ofisa ulizidi kukunjamana. Mwishowe ofisa akaiweka pasipoti yake pembeni, akamwonyesha kiti. Wenzake wakaanza kupanda ndege yeye amekaa, hajui kosa lake ni lipi.

Zuwena alimwinamia. "Bi mkubwa, mimi ni mtu wa pwani, naelewa unachofanya. Huyu haelewi. Anaona unaficha jambo baya. Na ndege inakaribia kufungwa."

Kijakazi aliitazama pasipoti yake pale pembeni. Akisema, midomo ile ile itampokonya mjukuu mara ya pili. Asiposema, Nusaiba atajifungua peke yake. Hofu zote mbili zilikuwa kubwa, na hapakuwa na mtu wake wa kumuuliza. Akainuka, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Nakwenda Maskati. Mwanangu anajifungua, na wa kwanza alimpoteza. Ananingoja mimi."

Abiria waligeuka. Zuwena akatafsiri. Ofisa akaomba namba ya mkwe, akapiga, akasikiliza, akamrudishia pasipoti. Zuwena alimkalisha mtu mzima mwenye miguu yake miwili kwenye kiti cha magurudumu, akakimbia naye hadi mlangoni. Ndegeni Kijakazi alilia njia nzima. Aliamini amemuua mtoto kwa mdomo wake mwenyewe.

Hospitali alimkuta Nusaiba ametulia, ameng'ata pindo la kanga. Mudathiri akamweleza kwamba wauguzi wakimuuliza kama anaumia anawaambia "kidogo tu," kwa hiyo wanamwacha, wanasema bado. Kijakazi alilitambua jibu hilo. Lilikuwa jibu lake. Yeye ndiye aliyemfundisha.

Alimshika binti yake mashavuni. "Sema, mwanangu. Waambie inauma wapi na inauma vipi. Mimi leo nimeisema habari yako mbele ya watu nisiowajua."

Nusaiba akaiachia kanga, akapiga kelele. Wauguzi walikuja mbio, wakampima, wakasema mtoto amechoka na hawezi kungoja zaidi, wakamkimbiza kwenye chumba cha upasuaji.

Mimi nilikuwa uani naosha vyombo simu ilipolia. Nikamsalimu Kijakazi, nikamuuliza mikorosho ya Milola inaendeleaje.

"Siko Milola," alisema. "Niko Maskati. Nusaiba amejifungua, mtoto wa kike, wote wazima. Zunguka Rasbura yote, uwaambie."

Nilimuuliza kama kweli anataka niseme. Akarudia kwamba niwaambie wote. Nilizunguka, na povu la sabuni mikononi.