Jino Lililopigwa Tupa

Mara ya mwisho mtu kukuinua ulimi akatazama chini yake ilikuwa lini? Usijibu harakaharaka. Kung'olewa jino hakuhesabiki. Wengi wetu tumefunguliwa kinywa, tukachomwa sindano, jino likatoka, tukaambiwa tuteme twende zetu, na hakuna aliyeangalia kingine. Ni sawa na fundi aliyeitwa kutengeneza kitasa: nyumba inafuka moshi, yeye anakaza skrubu zake na kuaga.

Tabibu wa meno wa hadithi hii hakuwa wa aina hiyo. Kliniki yake ilikuwa chumba kimoja cha ghorofa ya chini, chenye kiti cha kijani na taa isiyowaka mpaka ipigwe kofi. Uje na jino bovu, uje na fizi zinazotoka damu, uje umemsindikiza mkeo tu, atakwambia, "Toa ulimi." Anaushika ncha kwa kitambaa, anauvuta kushoto, anauvuta kulia, anauinua, anapitisha kidole ndani ya mashavu, kisha anapapasa shingo. Dakika mbili, basi. Amefanya hivyo miaka ishirini na miwili. Mtaa mzima ulimwita Toa Ulimi. Watoto walimtolea ndimi barabarani, naye badala ya kukasirika aliinama akazikagua. "Safi. Wewe, kapige mswaki."

Aliyemshinda kumkagua alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, kinyozi. Huyu alikuwa na wateja wa aina mbili, waliokuja kunyolewa na waliokuja kumsikiliza, na hao wa pili ndio waliojaza mabenchi. Maneno yake yangemtoa nyoka pangoni. Jumatatu moja, siku anayofunga saluni, aliingia kliniki akajitupa kwenye kiti.

"Shemeji, kuna jino linanikwaruza ulimi. Lisage kidogo niende zangu."

"Toa ulimi."

"Ala! Nimekwambia jino."

"Nimesikia. Toa ulimi."

"Dada yangu ulimchukua, nikanyamaza. Leo unautaka na ulimi wangu?"

"Wa dada yako unanitosha, bwana. Toa."

Kwenye benchi la nje watu wakaangua kicheko. Kinyozi akautoa.

Kwenye ukingo wa kushoto, nyuma kabisa, palikuwa na kidonda kama punje ya hindi, chekundu katikati, cheupe pembeni. Tabibu akakibonyeza. Chini yake palikuwa pagumu kama kifungo cha shati.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kinakera tu."

Jibu hilo halikumfurahisha. Kidonda kinachouma humkimbiza mtu hospitali. Kisichouma humbembeleza alale. Akapitisha kidole kwenye jino la jirani, akitegemea kukuta ncha kali. Lilikuwa laini kama shanga.

"Jino hili nani alilisaga?"

Kinyozi akaurudisha ulimi kinywani, akaanza kukagua kucha zake.

"Sema."

"Mimi mwenyewe."

"Kwa kitu gani?"

"Kitupa cha kucha. Lakini nilikichemsha, shemeji! Mimi ni mtu wa usafi."

Muuguzi wa kliniki akakimbilia nyuma ya pazia kucheka. Tabibu naye alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena. "Lini?"

"Mwezi umepita. Na bado linakwaruza."

Kicheko kikaishia hapo. "Halikwaruzi tena," tabibu alisema. "Kama jino ndilo lililokuumiza, ukishaliondoa makali, kidonda hupona ndani ya wiki mbili. Chako kimekaa mwezi. Umeliadhibu jino bure, mwizi ni mwingine."

"Mwizi gani?"

"Bado simjui. Kikatwe kipande kidogo, kipimwe. Huenda si kitu. Huenda ni saratani."

"Shemeji, ulimi ndio duka langu."

"Ndiyo maana unakwenda kesho, si mwezi ujao."

Barua ya kwenda hospitali hakumpa yeye. Alimpa mkewe, kwa sababu dada akishika barua, kaka hana pa kukimbilia.

Na hapa ndipo mtu anapotaka kupiga meza! Hapakuhitajika mashine ya mamilioni. Palihitajika kidole, taa mbovu na swali moja lililoulizwa kwa mtu aliyekuja kwa shida nyingine. Kliniki gani haina kidole?

Majibu yakaja: saratani, lakini changa, wala haijafika shingoni. Daktari wa upasuaji akasema atakata sehemu ndogo ya ukingo, kisha mgonjwa awe anarudi kuangaliwa. Kinyozi aliuliza jambo moja tu: atazungumza?

"Utazungumza. Mwanzoni herufi moja mbili zitateleza."

Hakuamini. Siku zilizobaki alinyoa kimya, mpaka wateja wakadhani amefiwa. Alhamisi mchana wakamkata. Muuguzi wa wodi akamkataza kusema, naye jioni nzima hakutoa hata mguno.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kufungua kliniki, tabibu na mkewe walimkuta ameketi kitandani, shavu limevimba, daftari mapajani. Ameandika: SITAKI KUJARIBU.

"Neno moja tu, kaka yangu," dada akambembeleza kwa kunong'ona, muuguzi asisikie.

Akatikisa kichwa. Aliogopa atakachokisikia.

Kitanda cha pili, kijana mmoja alikuwa akimnyoa baba yake ndevu kwa wembe, akianzia kidevuni kwenda juu, kinyume cha nywele. Kinyozi akatazama. Akafumba macho. Akafumbua.

"Weee! Uthinyoe hivyo! Utamchubua mzee wa watu! Thuka chini, thuka!"

Wembe ukaganda hewani. Dada akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Muuguzi wa wodi akaja mbio, mikono kiunoni.

"Nilikukataza kusema!"

"Thijathema na wewe," kinyozi akajibu, huku akinyoosha mkono apewe wembe. "Nathema na huyu mharibifu."