Siku Niliyomkamata Mwizi wa Tangazo Langu Ukumbini

Aibu hii naisimulia kwa kinywa changu kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya na watu wa Makadara ambao hata ukumbini hawakuwepo. Ni kweli, nilimwita mtu mwizi mbele ya bibi harusi. Uongo ni huo wa kwamba nilizimia (nilikaa chini tu, kwa haraka).

Mimi napaka maharusi hina na ile rangi nyeusi ya piko hapa Mji wa Kale, na mkono wangu si mbaya, ila wateja wote walikuwa wakienda kwa Dada Mwanaidi, kichochoro cha pili kutoka kwetu, ambaye anapamba maharusi tangu mimi nachezea matope. Kaka yangu alishaniwekea sharti: msimu wa harusi wa kabla ya Ramadhani ukipita bila wateja, narudi dukani kwake Mwembe Tayari kuuza magodoro. Mimi na magodoro hatupatani. Basi nikachukua akiba yangu nikaweka tangazo mtandaoni, lile ambalo unakatwa pesa kila mtu akilibofya, anunue asinunue, na kwa furaha nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, "Jamani, tangazo langu limetoka, mkiliona libofyeni mniunge mkono." Nikausahau ujumbe wenyewe, nikaenda kula mahamri.

Kuanzia hapo pesa niliyotenga kwa siku ikawa inaisha kabla chai haijachemka. Wabofyaji tele, mteja hata wa dawa. Kutazama ripoti, wote wako hapa hapa kisiwani kwetu na wote hubofya alfajiri. Sasa badala ya kufikiri nikatazama video ya kijana mmoja aliyeeleza jinsi washindani wanavyobofya tangazo lako makusudi mpaka pesa zikauke, nikapiga paja. Mwanaidi! Nani mwingine huamka alfajiri? (Mji wa Kale mzima huamka alfajiri, lakini hilo halikunijia.) Nikampata na "mtaalamu" mtandaoni aliyeahidi kuliwekea tangazo kinga ya wezi, nikamtumia akiba iliyobaki, akaila na kunifungia nisimwandikie tena. Mwizi wa kweli katika mkasa huu alikuwa huyo mmoja, na nilimwambia ahsante.

Hasira zote nikazipeleka kwenye sherehe ya kupamba ya binti wa jirani yetu. Ukumbi umejaa wanawake, taarabu inalia, na Mwanaidi yuko jukwaani anamalizia mkono wa bibi harusi. Nia yangu ilikuwa kumnong'oneza, lakini jaribuni nyinyi kunong'ona kando ya spika, kila nikisema naye ananiuliza "Wasema?", mpaka mama mmoja mshereheshaji, akidhani nimekuja kutoa pongezi, akaniwekea maikrofoni chini ya kidevu na muziki ukapunguzwa kwa adabu. Ndipo sauti yangu ikatoka kote: "Wewe mwizi! Ndiwe unayebofya tangazo langu kila alfajiri!"

Mwanaidi akaweka koni ya hina chini. Akatia mkono kifuani akatoa kabambe, ile simu ya vibonyezo na tochi, imefungwa kwa mpira.

"Nikubofyee na nini, mdogo wangu? Haya, shika. Bofya weye nione."

Kabla sijajua niutie wapi uso, Shangazi Rukia akasimama safu ya mbele, amejaa fahari. "Saumu mwanangu, si yeye! Ni sisi! Kila nikishaswali alfajiri nalibofya, kisha nawapigia na wenzangu waamke wabofye. Si ulisema tukuunge mkono?" Mashangazi wote wakainua simu, na mmoja akabofya pale pale akapaza sauti, "Mashallah, bado lafanya kazi!"

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Mwanaidi akaniinamia, na maneno yake ndiyo yaliyoniumiza kuliko kicheko cha ukumbi mzima. "Na mimi nimeshamwambia mama mtu, harusi ya binti wa pili akuite weye, mimi sitakuwako." Nikamtazama mama wa bibi harusi. "Tutaona," akasema, na mnajua kwetu "tutaona" ni hapana iliyovaa baibui. Nikaenda kulia chooni, tena kwa sauti.

Kesho yake nikampelekea Mwanaidi halua nikamwomba radhi. Akaila yote, kisha akanisukumia bakuli la hina. "Koroga." Msimu wote nimekoroga, na sasa ananiachia miguu ya maharusi huku yeye akipaka mikono, kwa hiyo magodoro yamenikosa. Nimeapa: sitoi tena tangazo bila kujua nani anabofya, anayeniuzia kinga haoni hata senti yangu, na kabla sijamwita mtu mwizi nitaanza kwa kuwauliza mashangazi.

Tangazo nimeliondoa. Kaka yangu, aliyenicheka kwamba sijui biashara, ameweka la kwake la magodoro, na jana nikampigia Shangazi Rukia kumshukuru na kumsihi wasibofye tena.

"Hamna neno, mwanangu," akaniambia. "Lako hatulioni siku hizi. Sasa twabofya la kaka yako."

Nitamwambia, wallahi nitamwambia. Ila si wiki hii.