Kifurushi Ambacho Hakikukauka

Watu wa mahakamani walimwita Mama Stoo, na jina hilo lilimkaa kama ufunguo ulivyomkaa shingoni. Kwa miaka kumi na minne alitunza chumba cha vielelezo: mapanga, simu za wizi, televisheni moja ambayo mwenyewe alishafariki huku kesi yake ikiendelea kuahirishwa, na rafu mbili nzima za bangi. Bangi ililetwa na askari ikiwa mbichi au nusu mbichi. Yeye aliipima mbele yao, akaandika uzito kwenye lebo, akaifunga kwa karatasi ya kaki na kuipiga lakiri. Hukumu ikishatolewa, ilipimwa tena na kuchomwa kwenye shimo lililokuwa nyuma ya jengo.

Kila karani mpya alifundishwa somo moja kabla hata hajaonyeshwa kiti. "Bangi inakauka," Mama Stoo alimwambia. "Kilo ya leo si kilo ya mwakani. Ukiona imepungua usishtuke, andika upungufu wa kukauka, tia saini." Alilisema hilo kwa kujidai, utadhani bangi ni yeye aliyeigundua.

Nyumbani alikuwa na mumewe, fundi saa, ambaye saratani ya tumbo ilimmaliza akabaki mifupa na maneno. Chakula kilikuwa hakikai. Akinywa vijiko viwili vya supu, alitapika utadhani amekunywa vitano. Mama Stoo alikuwa akimtazama akilala saa za mchana, anahesabu pumzi zake, na hofu ya kubaki peke yake katika nyumba ile yenye saa kumi na tisa ukutani ilimkaba mpaka akawa anatoka nje kuvuta hewa.

Siku moja, kwenye foleni ya hospitali, mwanamke aliyekuwa naye akimuuguza mama yake mzazi alimnong'oneza jambo. Chemsha majani kwenye maziwa, chuja, mpe kikombe kimoja, nusu saa kabla ya chakula. Majani gani? Yule mwanamke alimtajia mmea wenyewe, kisha akajifanya anatafuta kadi yake ya kliniki.

Mama Stoo alichagua kifurushi kikubwa kuliko vyote kwenye rafu ya chini, kilichokaa miaka minne, lebo ikisema gramu elfu moja na mia mbili. Alichukua ukufi mmoja tu. Lakiri na muhuri vilikuwa mezani kwake mwenyewe, kwa hiyo kukifunga upya haikuwa kazi.

Fundi saa alikunywa, akalala, akaamka akauliza kama kuna chochote cha kula. Akala. Akaongeza. Mama Stoo aliingia jikoni akalia kwa furaha, na kwa woga, maana alijua hapo hapo kwamba atarudi kwenye kile kifurushi.

"Hii mitishamba ya yule mama wa hospitali, mke wangu, ni kiboko," fundi saa alisema wiki ya tatu, kikombe mkononi na redio sikioni. Siku hizo redio haikuwa na habari nyingine: bungeni kuna muswada wa kuruhusu bangi, na nchi nzima ilikuwa ikibishana. Daktari anasema ipo inayofaa kwa wagonjwa. Mchungaji anasema vijana watakwisha. Mkulima anasema mbona tumbaku inalimwa. Fundi saa aliwasikiliza wote na kuwalaani nusu yao. "Wanaoitaka bangi wafungwe, na wanaowatetea wapigwe viboko," alisema, kisha akamalizia maziwa yake na kulamba mdomo.

Kazini nako, Mama Stoo ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kupinga. Kwenye chumba cha chai alipayuka kuliko wote. Usimcheke, mwenye kitu cha kuficha huwa hawezi kunyamaza. Alipinga kwa sauti kubwa kiasi kwamba, kamati ya bunge ilipotangaza kuja kusikiliza maoni ya wananchi, hakimu alimwandika jina kwenye orodha ya wasemaji bila kumuuliza.

Barua ya kamati ilifika Jumanne. Waheshimiwa watakuja Alhamisi, na kabla ya kusikiliza maoni wangependa kushuhudia vielelezo vya bangi vikipimwa na kuchomwa. Mkemia wa serikali ndiye atakayepima. Mama Stoo aliisoma barua mara tatu akiwa amesimama. Kifurushi cha rafu ya chini kilikuwa kimebaki nusu.

Jumatano alifunga mlango wa stoo kwa ndani. Alikuwa amechuma majani ya ua wa miti uliozunguka mahakama, akayaanika kwenye bati, akayafikicha. Aliyajaza katikati ya kifurushi, akakiweka kwenye mizani, akapunguza, akaongeza, akapunguza tena kwa ncha za vidole, mpaka mshale ukasimama palepale lebo iliposema. Elfu moja na mia mbili kamili. Alipiga lakiri na usiku huo alipata usingizi kidogo.

Alhamisi, saa nne asubuhi, meza ilitolewa uani. Wajumbe sita walikaa kwenye viti vya mahakama, mwandishi wa redio akiwa nyuma yao na kinasa sauti. Mkemia, kijana mpole mwenye miwani, alipima kifurushi cha kwanza. Lebo, mia tisa. Mizani, mia saba na thelathini.

"Nyingine imekwenda wapi?" mwenyekiti wa kamati, mama mwenye sauti nzito, aliuliza. Wote wakamgeukia Mama Stoo.

"Imekauka, mheshimiwa," alijibu, na ulimi ukajiendea wenyewe kwenye somo lake la makarani. "Bangi lazima ikauke. Hakuna kifurushi kinachokaa kikabaki na uzito wa siku ya kwanza. Hakuna hata kimoja."

Akajisikia anavyosema. Mwenyekiti alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, mkemia akaandika, na kifurushi cha pili kikawekwa. Kimepungua. Cha tatu kimepungua. Cha nne kimepungua. Mama Stoo aliomba mvua inyeshe, umeme ukatike, mtu aanguke.

Cha tano kikawekwa. Mkemia aliitazama mizani, akaigonga kwa kidole, akakinyanyua kifurushi na kukirudisha.

"Mama, hiki hakikukauka?"

"Huenda lebo iliandikwa vibaya siku ile," hakimu alidakia. Alimpenda mtunza stoo wake na alikuwa akimtupia kamba ajiokoe. Mama Stoo akafungua mdomo kuidaka. Lakini mkemia alikuwa ameshapasua karatasi ya kaki, na kiganjani mwake mlikuwa na jani moja lililoponea kufikichwa, jani la ua ambao kila mtu aliyekaa pale alikuwa amepita kando yake asubuhi hiyo.

Mwenyekiti alifunua orodha yake taratibu. "Wewe ndiye uliyeandikwa kuja kupinga?"

"Ndimi, mheshimiwa."

Hakuna aliyecheka. Walimvua ufunguo shingoni, na askari wa kike, aliyemletea vielelezo kwa miaka mingi, alimkalisha kwenye chumba cha mahabusu akamwachia simu dakika moja.

Fundi saa alipokea kabla haijaita mara ya pili. "Mke wangu! Nimekula sahani nzima mchana huu, unasikia? Nzima! Halafu redio inasema kuna mtumishi amekamatwa hapo kwenu kwa kuiba bangi ya serikali. Unamjua?"

"Namjua."

"Basi wamfunge, na ufunguo wautupe. Wewe uje mapema. Dawa imekwisha, nimebandika maziwa nakungoja."

Nyuma ya sauti yake saa zote kumi na tisa zilikuwa zikigonga saa nane. Mama Stoo alitaka kumwambia ayaepue, lakini askari alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua simu.