Bunduki ya Bibi Mkasi

Mtaa mzima ulimwita Bibi Mkasi, naye jina hilo alilipenda, maana mkasi ndio uliomlea binti yake hadi akaolewa. Sasa aliishi kwa binti huyo, katika chumba cha nyuma, yeye na cherehani yake. Adui yake alikuwa dirisha. Mvua ikinyesha, maji yalipenya pale fremu inapokutana na ukuta, yakachuruzika hadi kwenye vitambaa vya watu.

“Mama, maji yakiingia tena, cherehani tunaitoa,” binti alimwambia, kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua. “Chumba tukifanye stoo, uhamie kwa watoto. Umefanya kazi ya kutosha. Kaa upumzike.”

Kaa upumzike. Neno hilo lilimchoma kuliko maumivu ya vidole vyake. Angekaa afanye nini, ahesabu inzi?

Mkwewe, ambaye kimoyomoyo alimwita Bwana Kesho, hatimaye alijitosa. Alileta bunduki ya silikoni, kile chuma cha mkononi kinachosukuma silikoni ya kuzibia nyufa itoke kwenye mrija wake. Aliinunua bila kuitazama mara mbili. Akakata ncha ya mdomo wa mrija, akabana. Hakikutoka kitu. Akabana tena, meno nje. Masikini hakujua kwamba chini ya mdomo kuna kifuniko cha kutobolewa kwanza. Mrija ukapasukia nyuma, silikoni ikamvaa hadi kwenye kiwiko.

“Vitu vya siku hizi feki, Mama,” alisema. “Nitamtafuta fundi kesho.”

Alipoondoka, Bibi Mkasi aliweka mrija wa pili alioacha mkwe, akautoboa, akajaribu mwenyewe. Mkono wa kubania ulikuwa mgumu, vidole vyake vikagoma. Alipotumia mikono yote miwili silikoni ilitoka, lakini alipoachia ikaendelea kudondoka sakafuni. Hapo akaelewa. Mtu hakati kitambaa kizuri kwa mkasi butu halafu akalaumu kitambaa.

Asubuhi alikuwa dukani, mbele ya kaunta ya vifaa vya ujenzi.

“Nataka kuzijaribu bunduki zote za silikoni,” alisema.

“Bibi, hizi si viatu,” muuzaji alimtania.

“Ndiyo, mwanangu. Kiatu kikinibana nitakivua tu. Niwekee mrija uliokwisha kufunguliwa.”

Muuzaji akacheka, akatii. Ya kwanza ilikuwa ngumu kama ile ya mkwe. Ya pili ilibanika vizuri ila ilidondosha udenda. Fundi rangi mmoja aliyekuwa nyuma yake akauliza kama anakwenda vitani. “Naam, na dirisha,” akajibu bila kugeuka. Kisha akashika nyingine. Ilibanika kwa vidole viwili. Alipoachia, silikoni ilikatika papo hapo. Sehemu inayobeba mrija ilizunguka, kwa hiyo kwenye kona mtu hakulazimika kupinda kiwiko, na ubavuni palikuwa na sindano ya kutobolea.

“Hii,” alisema, na hakuiweka tena chini.

Nyumbani aliikwangua silikoni kuukuu yote ya dirishani, akaufuta ufa hadi ukakauka kabisa. Akaukata mdomo wa mrija kimshazari, tundu dogo tu, akatoboa. Kisha akashona. Hakuna neno jingine la kuielezea kazi ile: mkono ulikwenda taratibu, mwendo mmoja, kona ikazungukwa bila kusimama, na kidole chenye maji ya sabuni kikapita juu yake kama anayelaza pindo. Aliporudi nyuma kutazama, alijisikia msichana.

Silikoni ilikuwa imekwisha kukauka mvua ilipokuja, tena ile ya kupiga ukuta kwa hasira. Binti aliingia mbio na beseni, Bwana Kesho nyuma yake, tayari kubeba cherehani. Wakasimama. Maji yalishuka kwenye kioo kwa nje. Ndani, binti alipitisha kiganja ukutani, juu, chini, kwenye kona. Pakavu. Bibi Mkasi hakuinua macho kutoka kwenye mshono wake.

“Mama,” mkwe alisema kwa sauti ndogo, “hiyo bunduki, naomba uniazime. Bafuni kwetu kunavuja.”

“Kesho,” akamjibu.

Binti aliondoka na beseni lake. Baada ya muda alirudi, ameshika gauni mkononi.

“Mama, zipu imeng’oka. Utaniwekea?”

Bibi Mkasi alilitazama gauni, akamtazama binti yake, akaonyesha rundo la nguo pembeni.

“Weka chini kabisa. Kuna waliokutangulia.”