Kiatu cha Mjane Mkobani Mwangu

Haya, mmeniuliza tena kwa nini sitaki kumkanda mtu miguu wakati nilijifunza kazi hiyo mpaka nikapewa cheti, na leo nitawaambia, lakini nawaomba msicheke mapema, maana nilijiaibisha mbele ya watu arobaini na zaidi, wote wamevaa nguo za msiba, na aibu yenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya habari hii.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba moja ya wazee hapa Brussels, na jioni mbili kwa wiki nilikuwa nakwenda nyuma ya stesheni ya Gare du Nord, kwa mama mmoja Mflamandi aliyetufundisha kukanda nyayo ili mtu apate usingizi mzuri. Ukutani alikuwa na picha ya miguu miwili iliyochorwa kama ramani, kidole gumba ndicho kichwa, katikati ya wayo ndipo pumzi inapotulia, kisigino ndicho cha usingizi. (Msiniulize kama ni kweli. Najua tu kwamba bibi mmoja pale kazini, ambaye kila siku alikuwa anatupigia kengele mpaka kunakucha, nilimkanda akalala mpaka wakati wa chai.) Basi miezi mitatu ikatosha kunifanya daktari, nikikutana na mtu kwenye barabara ya Chaussée de Wavre akasema kachoka kidogo, mimi nishamwangalia viatu.

Ndipo akafa Baba Zawadi. Moyo wake ulisimama akiwa kazini, mtu ambaye hakuwahi hata kukohoa. Mke wake, Mama Zawadi, nilisoma naye Bukavu, tumekaa dawati moja. Mama mzazi wa marehemu alitaka mwanawe azikwe nyumbani, kwa hiyo mwili ulikuwa unasafirishwa kwa ndege, na Mama Zawadi hakuweza kuufuata, kwa sababu ombi lake la ukimbizi lilikuwa bado halijajibiwa na akitoka Ubelgiji hangeweza kurudi kwa watoto. Kwa hiyo alikuwa amebakiwa na saa moja tu ya kumwona mume wake, Ijumaa ile mchana, katika nyumba ya maiti, kabla mafundi hawajalichomelea jeneza la zinki. Likishachomelewa halifunguliwi tena. Kila mtu alilijua hilo, na mimi nililijua kuliko wote.

Sasa, kwetu mjane hajiendei. Anakaa kwenye godoro chini, hapiki, hafungui mlango, hashiki simu, na hatoki nje mpaka mwanamke aliyechaguliwa amshike mkono na kumtoa. Mwanamke aliyechaguliwa nilikuwa mimi.

Ijumaa hiyo alikuwa na siku nne hajafumba macho. Saa sita mchana nikamwambia alale chali, nimkande robo saa tu, asije akaanguka mbele ya jeneza. Nikamvua viatu, na kwa kuwa mlangoni kulikuwa na rundo la viatu vya wageni, nikavitia mkobani mwangu visipotee. Nikakanda vidole, nikashuka katikati ya wayo, nikafika kisigino, na Mama Zawadi akaanza kukoroma. Jamani, nilifurahi vibaya. Nikawaita wamama waliokuwa wanakaa naye msibani waje wachungulie, nikafunga mlango, nikabandika karatasi ya kukataza mtu asimwamshe, niliyoiandika kwa kalamu nene: MAMA ANALALA. MUSIMULAMUSHE. Na chini nikatia jina langu, Chantal, réflexologue, yaani fundi wa kukanda nyayo.

Magari yakaanza kupeleka watu nyumba ya maiti. Tonton Anselme, kaka wa marehemu, akaniomba nitangulie nikaangalie kama kiti cha mjane kimewekwa, nami nikamwambia nitarudi kumchukua kwa gari la mwisho, lile la shemasi wetu. Shemasi mwenyewe sikumwambia. Nikaona atajua tu.

Kule wamama wakaniuliza Mama Zawadi yuko wapi, nikasema analala, nimemlalisha mimi kwa mikono hii, na hapo ndipo nilipopotelea, maana mmoja akataka kujua ni wapi hasa napabonyeza, mwingine akasema na yeye halali, nikawa natoa darasa ndani ya foleni ya kumuaga marehemu. Shemasi naye alikuwa amefika kule nyumbani, akapiga kengele ya mlango wa barabarani, akaona hakuna anayefungua, akafikiri mjane keshaondoka nami. Alipoingia nikamwona, nikasema moyoni, haya, amemleta. Yeye aliponiona akasema vilevile moyoni.

Wimbo wa mwisho ukaanza, na mimi (machozi yalikuwa ya kweli, hilo naomba mniamini) nikaingiza mkono mkobani kutafuta kitambaa, nikatoa kiatu. Kiatu cheusi cha kike, kipo mkononi mwangu mbele ya jeneza, na kuimba kukakoma safu kwa safu.

"Chantal," Tonton Anselme akasema polepole, "hiyo kiatu ni ya nani?"

Akakimbilia simu ya ofisini, ikaita nyumbani, ikaita, ikaita, mtu mmoja akanong'ona kwamba kweli huyu mama amemlalisha mwenziwe, na mimi, Mungu anisamehe, kwa sekunde moja nikajisikia fahari. Mafundi walikuwa na saa ya ndege ya kufuata. Tonton Anselme aliwabembeleza wakampa robo saa.

Nikapanda teksi. Chaussée de Wavre ilikuwa imejaa malori yanashusha mizigo ya Ijumaa, nikashuka, nikakimbia viatu vikiwa mkononi, watu wananipisha. Nilipofungua ule mlango wenye karatasi yangu, nilitegemea kumkuta bado anakoroma. Alikuwa amekaa ukingoni mwa godoro, miguu mitupu, kitambaa amekifunga vizuri kichwani, anaangalia mlango.

"Nililamuka zamani," akasema. "Kengele nilisikia, na simu nilisikia. Nilikuwa nakungoya weye, unishike mukono."

Alikuwa amelala nusu saa tu. Dawa yangu yote ilikuwa nusu saa, iliyobaki yote ilikuwa utiifu wake.

Tulifika tumechelewa dakika kumi. Jeneza lilikuwa bado lina joto pale lilipochomelewa, akaweka kiganja pale pale penye joto na hakukiondoa mpaka walipolibeba. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

Siku ile ile niliapa sitagusa tena wayo wa mtu, na sijagusa. Mnadhani ni kwa ajili ya kile kiatu, na mimi huwa nawaacha mdhani hivyo. Lakini jioni tuliporudi, wamama wakiwa jikoni, Mama Zawadi aliniita nikae naye godoroni. Hakuwa na hasira. Alinishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini:

"Bon, weye ulimuona. Aliku namna gani?"

Nami nilipopita mbele ya lile jeneza nilikuwa nimegeuka nyuma, namwonyesha mwenzangu kwenye kiganja changu mahali kisigino kinapobonyezwa. Nikamwambia alikuwa mzuri, ametulia, amevaa ile suti yake ya buluu.

"Na ndevu, walimunyoa?"

Nikasema ndiyo, walimnyoa vizuri. Akashukuru, akajilaza, akalala. Mpaka leo sijui kama walimnyoa.