Pumzi Tatu za Kumwinua Aliyeanguka

Katika duka lake la kushona nguo katika mtaa wa Saio, Néhémie Katsuva alikuwa mtu mpole. Mteja akirudisha suruali tena na tena akidai inambana, aliifumua bila neno. Lakini Jumapili baada ya ibada, akishasukuma mashine ukutani na kutandika meza kitambaa, aligeuka mtu mwingine: bwana wa mchezo.

Mchezo wenyewe alikuja nao kutoka Butembo: kitabu cha Kifaransa na dadu. Kila mchezaji anajitungia shujaa na kusema anachofanya. Bwana wa mchezo anasimulia yanayompata. Kila tendo gumu linakula pumzi za shujaa, na zikiisha anaanguka. Waliocheza ni Séphora, mke wa Néhémie. Mwalimu Fanny, jirani, ambaye shujaa wake alikuwa muganga. Na Abdoul, mchimba dhahabu aliyeshuka kutoka machimbo ya Kilo kila barabara ilipokuwa salama.

Jumapili moja shujaa wa Abdoul, mpiga mikuki aliyempenda kama ndugu, alianguka mbele ya mamba. Fanny akataka kumwinua. Néhémie akafungua kitabu, akatafsiri polepole kama anayesoma Injili:

"Kumwinua aliyeanguka kunakula pumzi tatu za muganga na mugonjwa."

"Tatu ya wote wawili pamoja," Fanny alisema. "Mimi niko nazo nne. Nalipa zote tatu."

"Hapana. Tatu za muganga, na tatu za mugonjwa."

"Ya Néhémie," Abdoul alisema, kama mdogo anayemwita kaka yake, "mimi nimeanguka. Pumzi nitatoa wapi?"

"Kitabu ndiyo inasema."

Mpiga mikuki akafa. Abdoul alimaliza chai yake, kisha akatunga shujaa mpya: mpishi muoga anayekimbia kila vita.

Majuma yakapita. Néhémie akaumwa koo, sauti ikakauka, akamwomba Séphora ashike nafasi yake. Néhémie mwenyewe akajitungia mzee wa upinde, mwenye maringo mengi. Hata hakungoja wenzake. Alimrukia chui peke yake. Dadu zikamkataa. Akaanguka.

"Fanny," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "niinue. Pumzi tatu. Ya wote wawili, pamoja."

Abdoul aliweka kikombe chini. "Pamoja?"

"Kitabu haiwezi kudai pumzi kwa mutu asiye nayo! Iko bila akili!"

"Na siku ya mamba, akili ilikuwa imesafiri?"

Séphora alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge, kisha akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Papa Plamedi, leo ni mimi niko nasoma. Chagua weye mwenyewe. Tatu kwa kila mutu, unakufa. Tatu pamoja, unapona, lakini mpiga mikuki wa Abdoul naye hakukufa."

Masikio ya Néhémie yaliwaka. Aliuangalia ukurasa kana kwamba ungemhurumia.

"Abdoul, nilikosea," alinong'ona.

"Sisikii."

"Koo inaniuma."

"Mimi nilikufa, sikusema koo."

Basi akasema tena kwa nguvu zote alizobakiza, mpaka jirani mmoja akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna shida. Fanny akamwinua mzee wa upinde. Séphora akasimulia jinsi mpiga mikuki alivyozinduka ufukweni, mamba akiwa amechoka kumtafuna.

Abdoul alikataa kumwacha mpishi wake. Akacheza wote wawili, mmoja akishambulia, mwingine akikimbia, hadi saa ya couvre-feu, marufuku ya kutembea usiku, ilipokaribia na kila mtu akaharakisha kwake.

Jumapili iliyofuata sauti ya Néhémie ilikuwa imerudi. Kabla maandazi hayajafika mezani, alishaanza kubishana na mke wake: kuwasha mwenge kunakula pumzi moja, au moja kwa kila anayeangaziwa?