Dirisha la Ijumbi Lisilo na Pazia

Kwa hiyo sisi ni washona mapazia tu, siyo? Shemeji yangu ndivyo alivyosema mbele za watu, mdomo umejaa senene wa kukaanga, siku tulipomuaga Ma Adventina kazini. "Mama akishastaafu, duka limekufa," akasema. "Na kwanza ilikuwa kazi gani ile? Kushona mapazia na kuhamisha makochi." Nikasimama. Dada yangu akanivuta gauni nikae. Nilikaa kwa heshima ya dada, lakini kunyamaza sikuahidi mtu.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wastaafu wenyewe, watu wenye mvi. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini Ma Adventina hapendi kuandika. Ukimpa kalamu atachora kochi. Basi naandika mimi, Verdiana, niliyefanya naye kazi tangu nikiwa binti wa kufukuzwa fukuzwa, na anayetaka kubisha aje karakana kwetu Ijuganyondo. Nitabisha nikiwa nimesimama.

Siku ya kwanza nilifika pale na simu imejaa picha. Kazi ya kupamba nyumba ndani nilikuwa nimejifundisha mwenyewe humo kwenye simu: sebule za marumaru, taa zinazoning'inia kama mikungu ya ndizi, makochi meupe ambayo mtu akikalia na suruali ya shambani ni msiba. Nilikuwa tayari nimepaka chumba chetu nyumbani rangi nyekundu. Mama yangu alipoingia alilia, na siyo kwa furaha.

Ma Adventina alizitazama picha zile moja moja, miwani imeshuka puani, kisha akaniuliza, "Huko mvua inanyesha?"

"Sijui, Ma."

"Bukoba inanyesha. Haya, nshomile wa simu, kaa."

Kama wewe si wa huku, nshomile ni mtu anayejiona amesoma. Nilikasirika, nikakaa. Akanihamisha kiti. Akanihamisha tena, mpaka nikawa nimekalia kila kitu kilichomo karakana, na kila mahali ananiuliza swali lile lile: "Unaona nini?"

"Ukuta."

"Na hapo?"

"Cherehani."

"Na hapo?"

"Naona mlango, migomba, na mtu anapita njiani. Anatusalimia."

"Hapo ndipo mtu anapokaa," akasema. "Mengine yote ni vitambaa."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na mwenyewe aliiita kuikalia nyumba. Kabla hajatoa futi mfukoni, anakwenda kwa mteja mchana, anakunywa chai, anakaa kila kiti, anaangalia watu wa mle wanapita wapi, wanaweka wapi viatu, bibi anasali wapi. Wateja walikuwa wanamshangaa. Wengine walidhani ana njaa.

Ufundi mwingine alinifundisha kwa matusi madogo madogo, na mimi nikamjibu, na tukapendana hivyo. Alinifundisha kwamba ukuta wa chini, unaopigwa na unyevu, usiupake rangi ya mafuta kwa sababu inaziba na maji yanabaki ndani, mwishowe ukuta unavimba kama mkate. Paka ya maji, ukuta upumue. Alinifundisha shia, lile pazia jepesi la ndani linaloruhusu mwanga, na pelmeti, kibao cha juu kinachoficha fimbo ya pazia. "Pelmeti ni kama mkanda," alikuwa anasema. "Ukiuona kabla ya nguo, umevaa vibaya."

Na rangi? Rangi zetu hatukuzitoa kwenye katalogi ya mtu. Kahawa iliyoiva mtini, hiyo nyekundu yetu, na ni ya mto mmoja wa kochi, siyo ya chumba kizima, nilishakoma. Jani la mgomba lililokauka ni kahawia ya mapazia. Ziwa asubuhi ya mawingu ndiyo kijivu cha ukuta. Na lubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo babu zetu walivaa, tuliitandaza kwenye fremu ukutani, na watu wazima wakawa wanaigusa wanapopita, kila mmoja, bila kuambiwa.

Tulipanda na kushuka na kazi hiyo. Kituo changu cha kwanza kikubwa kilikuwa nyumba ya wageni mjini karibu na ziwa. Bosi wa pale tulimwita Meneja tu, mtu wa tai hata Jumapili. Alikuwa amepanga vitanda vyote vichwa dirishani. Ma akalala juu ya kimoja mchana kweupe na viatu vyake. "Meneja," akamwita, "mgeni wako amelipia ziwa, wewe unampa kabati." Tukavigeuza. Meneja akalegeza tai.

Kutoka hapo tukavuka kwenda kisiwani Bumbire, kwa Tajiri, mnunuzi wa samaki aliyetaka sebule ya dhahabu. Nilitapika botini njia nzima na Ma akacheka njia nzima. Dhahabu hakupata. Alipata baraza la kivuli lenye mabenchi marefu, maana tulikaa pale mchana mzima na hatukuona mtu hata mmoja akiingia ndani; biashara yake yote ilikuwa nje, watu wamesimama juani. Alinuna wiki ya kwanza. Baadaye akawa hatoki kwenye benchi lile.

Lakini shemeji, wewe sikiliza habari ya Ijumbi.

Ijumbi, Muleba, kulikuwa na mzee, Ta Laurenti. Nyumba yake ya zamani ya udongo ilikuwa imepasuka ukuta wa nyuma, imeinama, na mvua za masika zilikuwa zinakuja. Watoto wake wamemjengea nyumba mpya hapo hapo kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, hatua chache tu, nzuri, ya bati la rangi na tailizi. Mzee hataki kuhamia. Wamembembeleza, wamemletea padri, hataki. Anasema, "Nitahamia kesho," na kesho yake anasema hivyo hivyo. Usiku ikinyesha, hakuna aliyelala; kila mtu anasikiliza kama ule ukuta umeanguka na baba yao yuko ndani.

Mtoto wa kwanza, Deo, anafanya kazi Mwanza, ndiye aliyetuita. "Ipambeni ndani mpaka mzee mwenyewe aombe funguo," akasema. Ma akasema vizuri, kwanza tukakae kwenye ile ya zamani. Deo akakataa. "Msimsumbue mzee. Na pale ndani pabovu, patawaangukia. Fanyeni hii mpya." Kwa kuwa mtoto ndiye mwenye nyumba, tukafanya. Na tulifanya vizuri, sidanganyi. Makochi yamezunguka televisheni, shia nyeupe, zulia, na vitambaa vya kufuma alivyoacha marehemu mke wa mzee tukavifua na kuvitandika mgongoni mwa makochi.

Siku ya kumwonyesha, Ta Laurenti akaja na fimbo yake, akasimama mlangoni. Akagonga tailizi kwa fimbo, ko, ko. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Pazuri," akasema. "Sasa mimi nikae wapi?"

"Popote, Tata!" Deo akasema. "Kochi lolote ni lako."

"Popote ni mahali pa mgeni," mzee akajibu, na akageuka akarudi kwenye nyumba yake iliyopasuka.

Mawingu yalikuwa yamejaa. Deo akatugeukia sisi. Alisema tumemharibia, alisema angeita watu wa mji mkubwa, alisema mama gani huyu wa cherehani. Hapo nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, ila yalianza na "Wewe Deo." Mtu asimguse Ma mbele yangu. Ma mwenyewe alishavua viatu, anafuata njia ya mzee kati ya migomba.

Tukaingia ndani ya ile ya zamani, ukuta umeinama kweli. "Waitu, Tata, tumekuja kukaa," Ma akasema kwa heshima ya Kihaya. Mzee akatazama pembeni. "Kaeni, kama hamwogopi kufa." Akatupa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Chini kulikuwa na nyasi zimetandazwa, na fimbo yake haikuteleza. Ma alikaa kila mahali. Mwisho akamwomba mzee ampishe kidogo kwenye kigoda chake, na mzee, sijui kwa nini, akampisha.

Ma akakaa pale. Kisha akaniita nikae mimi.

"Unaona nini, Verdi?"

Niliona mlango, na kila anayeingia kwa njia ya migombani. Na kwa kugeuza shingo kidogo tu, kupitia dirisha dogo lisilo na kitu, niliona migomba, na kati ya migomba kaburi la mke wake.

Nyumba mpya ilikuwa imeyapa mgongo yote hayo. Inatazama barabara.

Tukahamisha sebule. Ndiyo, tulihamisha makochi, shemeji! Tuliyatoa mbele tukayapeleka chumba cha nyuma walichokusudia kiwe cha kulia chakula, chenye mlango wa kibanjani na dirisha kubwa. Televisheni tukaigeuza pembeni. Juu ya tailizi tukatandika mkeka mnene wa mafunjo, ukuta hadi ukuta. Fundi seremala wetu akatengeneza kiti cha mvule, kifupi, chenye mikono, na tukakiweka pale pale ambapo shingo inageuka kidogo tu. Deo alizunguka anapiga kelele.

"Ma, sebule haitazami barabarani! Watu wakipita wataona nini?"

"Wataona baba yako amehama."

Na dirisha lile nilikuwa nimelishonea shia bora kuliko zote nilizowahi kushona, nilijivunia mimi. Ma akapanda stuli na magoti yake mabovu akaitungua, na fimbo ya pazia, na pelmeti. Akanikabidhi. "Usinune. Hili halivai."

Mzee akaja. Fimbo iligusa mkeka, haikulia. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti bila kuonyeshwa. Akakaa. Akatazama mlango. Akageuza shingo. Alikaa hivyo mpaka wajukuu wakaanza kusukumana.

"Kiti hiki kinanifanya kama askofu," akasema hatimaye. Halafu kwa sauti kubwa: "Godoro langu liko wapi? Mnataka nilale chini?"

Mama mmoja wa ukoo akapiga kigelegele, na Deo, mtu mzima na ndevu zake, akatoka nje akalia kwenye migomba. Godoro lilihama jioni ile. Mvua za masika zikaja, ule ukuta ukaanguka, ukaangukia nyasi na kigoda kitupu.

Baada ya hapo Muleba nzima ilitujua. Tukaitwa hadi Kamachumu, tukaitwa na Walutheri, tukaitwa na masista, na kila nyumba Ma anakunywa chai kwanza.

Sasa magoti yamekataa na amestaafu. Anakaa karakana, kwenye kiti kinachoona mlango, ananitukana nikikata kitambaa vibaya, na duka halijafa. Wiki hii nimekalia nyumba mbili na chai imenijaa mpaka hapa. Nikimuuliza kazi gani anaipenda kuliko zote anasema Ijumbi, dirisha lisilo na pazia.

Basi shemeji, na wewe unayesoma huku umekunja mdomo, umejenga, umeweka tailizi, umenunua makochi. Baba yako, akija leo, anakaa wapi?